Mabakuli ya Mama

Mama yangu hakufa kwa kukosa dawa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za mama wa kijijini aliyekufa na ugonjwa wa sukari, hutikisa kichwa na kusema, “Dawa zenyewe ziko wapi?” Zilikuwepo. Nilimpelekea mwenyewe kila mwezi, nimezifunga kwenye bahasha ndogo na kuandika kwa mkono wangu jinsi ya kuzimeza. Kuuza dawa ndiyo kazi yangu, hapa Msasani, Tukuyu, kwenye duka lenye kaunta ya kioo na mlango unaotazama barabara. Wateja huniita dokta. Mwanzoni niliwasahihisha, nikawaambia mimi ni mtoa dawa tu, nimesoma kozi ya mwaka mmoja. Baadaye niliacha kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nililipenda jina hilo, na kichwa kikavimba.

Mama aliishi Masoko, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba, katikati ya migomba na mibuni. Ndugu zangu wako mbali, mmoja Dar es Salaam, mwingine Tunduma, kwa hiyo kila jambo la mama lilikuwa juu yangu. Alipoanza kukonda na kunywa maji ndoo kwa ndoo, mimi ndiye niliyempandisha pikipiki na kumleta hospitali. Walimpima, wakamkuta na sukari. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alimwandikia vidonge vidogo vyeupe vya kushusha sukari, kimoja kila asubuhi, na akamweleza kwa utaratibu kwamba aache vitu vitamu na ndizi ale kwa kipimo. Mama alimwitikia kwa adabu zote. Tulipotoka nje akaniuliza huyu kijana ni mwenyeji wa mkoa gani, maana mtu wa kwetu hawezi kumwambia mwenzake ale ndizi kwa kipimo.

Tulicheka siku ile. Nakumbuka tulicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha ikaanza miezi ya kliniki. Kila mwezi tulikaa kwenye benchi lile lile, mama na kitenge chake kizuri, mimi na simu mkononi nikitazama saa kwa sababu ya duka. Kila mwezi walimtoboa kidole, na kila mwezi sukari ilikuwa juu. Daktari aliuliza, “Mama, dawa unameza?” Mama akajibu, “Nameza, mwanangu,” kisha akafungua pochi na kutoa bahasha tupu, ushahidi kwamba vidonge vimekwisha. Mimi nikaongezea, “Anameza, daktari, dawa nampelekea mwenyewe.” Daktari akaandika. Kidonge kimoja kikawa viwili. Baada ya miezi kadhaa viwili vikawa vinne, viwili asubuhi na viwili jioni. Dawa zikiwa zimeisha hospitalini, nilizichukua dukani kwangu. Mama hakukosa dawa hata siku moja.

Sukari haikushuka. Mimi hasira zikapanda.

Nitasema ukweli juu ya hasira zangu, maana bila hizo habari hii haielezeki. Nilikuwa na hakika kwamba mama anakula sukari kwa siri. Nikifika Masoko, hata salamu haijaisha, nilikuwa nimeshaingia jikoni kufungua makopo. Nilinusa vikombe. Nilipekua chini ya kitanda chake, mimi, mtoto wake wa kuzaa. Siku moja nikakuta nusu kilo ya sukari ndani ya chungu. Mama akasema ni ya wageni. “Wageni gani, mama? Hao wageni ndio watakaokuja kukukata mguu?” Nikaibeba, nikaondoka nayo. Alinisindikiza mpaka njiani kama kawaida yake. Kalenda ya kanisa niliyomtundikia ukutani niliikuta imechanwa miezi ya nyuma yote, na hata hilo nilimgombeza nalo, nikidhani anawashia moto.

Hapo niseme habari ya mabakuli. Kwetu, jirani akikuletea kitu ndani ya chombo chake, ukimrudishia chombo kitupu umemtukana. Mama alinifundisha hilo nikiwa darasa la pili. Alinituma nirudishe bakuli kwa jirani wa ng’ambo ya kijito, nikatoka mbio nalo likiwa tupu, akaniita kutoka mbali kwa sauti ya kunitisha. Akaweka ndani mayai mawili. Siku nyingine aliweka maharage, siku nyingine chumvi ya kwenye ncha ya vidole. Haikuhusu ukubwa wa kitu. Chombo kilipaswa kurudi na uzito kidogo, basi.

Alipougua, mabakuli yakawa mengi. Majirani walimletea maziwa, ndizi za kupikwa za mbalaga, maparachichi, maboga. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kulima tena, na kuku walikuwa wameisha kwa ugonjwa. Siku moja nilimkuta anafunga bakuli la jirani yule wa ng’ambo ya kijito kwa kitambaa, anataka kumpa mtoto wa njiani alipeleke. Nikamuuliza ameweka nini. Akasema, “Kidogo tu.” Sikuuliza zaidi. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta sukari.

Halafu kikaja kidonda. Alijigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, mguu wa kulia, jambo ambalo kwa mtu mwingine lingepona kwa wiki. Kwake hakikupona. Daktari alikitazama, akanitazama mimi, akasema mbele yetu sote wawili kwamba sukari isiposhuka haraka kidole kitaondolewa, na kikiondolewa kidole mara nyingi hakiondoki peke yake. Mama alielewa vizuri. Tulipofika nje ya geti alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akafunika mguu kwa kitenge.

“Wakiukata,” akasema, “msibani nitaendaje?”

Hakuuliza atalimaje wala atapikaje. Mama alikuwa mtu wa kwenda kwenye misiba. Ametembea kwa miguu mpaka Suma kuzika watu ambao mimi nisingeweza hata kueleza tunahusiana nao vipi. Kwake, mtu asiyefika msibani ameshahesabiwa miongoni mwa wafu. Nilimwambia, “Hawaukati. Unakuja kukaa kwangu mwezi mzima. Nitakusimamia mwenyewe.” Na niliposema hivyo nilijisikia vizuri sana, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Nilimleta Msasani siku ya Alhamisi. Chumba changu cha pili nilikitandika vizuri, nikamnunulia blanketi zito, maana ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya Tukuyu mwezi wa sita inajulikana. Jioni ile ile nilimpa vidonge viwili vyake na glasi ya maji. Akavishika kiganjani, akavitazama.

“Vyote viwili?”

“Viwili sasa, viwili asubuhi. Si ndivyo unavyomeza kila siku?”

Nikamwona anatafuta maneno, na mimi sikuwa na subira na watu wanaotafuta maneno. Dukani ninakutana nao kutwa nzima.

“Ni vingi, mwanangu,” akasema. “Vitanishinda.”

“Vingekushinda si vingekwisha kukushinda zamani? Bahasha zako zinaisha kila mwezi, mama. Au zinamezwa na nani?”

Hili swali niliuliza. Niliuliza kwa mdomo wangu, kwa dharau, na sikungoja jibu. Mama aliweka vidonge mdomoni, akanywa maji. Nikamwambia afungue mdomo. Akafungua. Nikamwambia ainue ulimi. Akainua ulimi, mama yangu, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, chini ya taa ya sebuleni kwangu, na mimi nikachungulia. Alipofunga mdomo alinitazama kidogo, kisha akaomba kitabu chake cha nyimbo.

Ijumaa asubuhi viwili, jioni viwili. Jumamosi hivyo hivyo. Chakula nilikipima. Ndizi nilizipiga marufuku kabisa, nikampa mboga nyingi na ugali kidogo, na chai bila sukari. Kidonda nilikisafisha kila siku kwa maji ya chumvi na kukifunga, na Jumapili tuliporudi kutoka kanisani nilipokifungua nikaona pembeni kimeanza kukauka. Nilipiga kelele za furaha. Nikampigia kaka wa Dar, nikampigia wa Tunduma, nikawaambia mama anapona, kumbe alihitaji tu mtu wa kumkazia kamba. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunika blanketi, anasikiliza nikijisifu. Alisema anasikia njaa. Nikamwambia ni mazoea, tumbo litazoea.

Jumatatu asubuhi nilimpa vidonge, nikamwekea uji usio na sukari kwenye meza, nikauwekea sahani juu usipoe, nikaenda kazini. Sikumngoja ale. Mama hakuwa mtu wa kula peke yake. Masoko hakuwahi kula peke yake tangu nimjue. Kama hakuna mtu nyumbani aliita yeyote anayepita njiani. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto, na asubuhi ile sikulikumbuka hata kidogo.

Saa tano hivi jirani yangu alikuja dukani mbio, ametupa kanga begani, mikono ina unga. Ni mama anayekaanga vitumbua kwenye kibaraza mkabala na nyumba yangu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. “Dokta, njoo nyumbani. Mama hayuko sawa.”

Nilimkuta amekaa chini mlangoni, mgongo kwenye fremu. Kitenge kilikuwa kimelowa jasho. Nataka mtu anayeijua Tukuyu afikirie hilo: mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka barabarani, watu wamevaa masweta mawili mawili, na mtu aliyekaa tu anatiririka jasho. Mikono ilikuwa inatetemeka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akasema kwa Kinyakyusa kwamba ng’ombe wameingia kwenye mihogo. Ndani, uji ulikuwa mezani, sahani iko juu yake vile vile.

Nilichokuwa nimefundishwa kwenye kozi ile ya mwaka mmoja kilikuwa mbele ya macho yangu, jasho na kutetemeka na kuchanganyikiwa, kama kilivyoandikwa kwenye daftari langu. Sukari imeshuka. Hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza angesema. Mimi sikuona. Nilikuwa nimemuuguza miaka miwili mama ambaye sukari yake ilikuwa juu siku zote, na nilikuwa nimekwisha kuamua ni nini kinamsumbua kabla sijafika. Nikasema kwa sauti, “Sukari imepanda! Bajaji! Niitieni bajaji!”

Jirani alikuwa ameingia kwake na kutoka na kikombe, kile cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Chai ya maziwa, inatoa mvuke, ya sukari. Alipiga magoti, akamshika mama kichwa, akakisogeza kikombe mdomoni. “Anywe kidogo, dokta, mbona kama ana njaa huyu.”

Nilikipiga kikombe kwa mkono.

“Unataka kumuua? Huyu ana sukari!”

Chai ilimwagika nusu kwenye kitenge cha mama, nusu ikabaki. Jirani alinitazama. Akasema, “Haya, wewe ndiye dokta,” akakiweka kikombe kwenye kizingiti, ndani yake kukiwa bado na chai. Mama alikielekezea mkono. Niliona kwa macho yangu mkono ule unaenda kwenye kikombe, nikaushika, nikaurudisha mapajani mwake.

Bajaji ilipita mbele ya duka langu. Kwenye droo ya pili, chini ya kaunta, kulikuwa na mashine ya kupimia sukari, ambayo nawapimia watu kila siku kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kitenge. Sikumwambia dereva asimame. Nilimwambia aongeze mwendo.

Hospitali walimtoboa kidole. Nesi akatazama mashine, akapima tena, akaita daktari. Yule yule mwenye miwani. Alisoma, akaagiza dripu ya sukari hapo hapo, mikono yake ikienda haraka, na huku akiniuliza amekula nini leo. Nikamjibu kwamba amemeza dawa zake zote, vinne kwa siku, namsimamia mwenyewe. Bado nilikuwa nadhani ninatoa habari njema.

“Imeshuka mno,” akasema. “Kabla ya kuja kwako alikuwa anameza vyote?”

“Vyote. Bahasha zinaisha.”

Alitikisa kichwa polepole. “Hapana, dada. Huyu hakuwa anameza vyote. Mwili uliozoea vinne haufanyi hivi ndani ya siku nne.” Nikamkatalia. Nilisimama pembeni ya kitanda cha mama yangu nikabishana na daktari.

Alilala siku sita. Sukari waliipandisha ikashuka tena, wakaipandisha, kwa sababu vile vidonge hukaa mwilini, hasa mwili wa mtu mzima aliyedhoofika. Kichwa chake kilikuwa kimekaa bila sukari muda mrefu. Alifumbua macho mara moja tu, siku ya tatu, hakuniona, akavuta shuka akafunika mguu wa kulia. Nesi alipokuja kufunga kidonda siku ya tano aliniambia kwa furaha kwamba kinaendelea vizuri sana, kimekauka karibu chote. Hakuwa na nia mbaya. Nilitoka nje nikaegemea ukuta na kulia mpaka watu wa wodi ya wanaume wakachungulia.

Tulimzika Masoko, karibu na baba, mvua ikinyesha. Watu walikuja kutoka kila mahali, mpaka Suma, wote wale aliowatembelea kwenye misiba yao. Siku ya tatu matanga yalipoanuliwa, wanawake walikaa uani kugawana vyombo. Kwetu kila mwanamke huleta vyombo vyake msibani, na kila kimoja kina alama chini, uzi mwekundu au rangi ya kucha, ili visichanganyike. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nimechoka, natazama wanavyopindua sahani.

Jirani wa ng’ambo ya kijito, bibi mzee sasa, alinijia na bakuli lake la maziwa. Aliinama, akanisalimu kwa Kinyakyusa kama mila ilivyo, akakaa chini pembeni yangu. Bakuli halikuwa tupu. Ndani kulikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa, vingi, vimepangana.

“Mwanangu, nimeona nikurudishie,” akasema. “Ni ndawa za mama yako. Mimi sukali sina.”

Nilifungua kimoja. Kilikuwa kipande cha kalenda ya kanisa, tarehe zake bado zinasomeka, na ndani vidonge vidogo vyeupe vitatu. Nikafungua cha pili, cha tatu. Miezi yote iliyochanwa ukutani kwa mama ilikuwa ndani ya bakuli lile.

“Alikupa lini?”

“Kila nikipeleka maziwa. Bakuli likirudi, limo hilo. Alisema, ‘Sina mayai siku hizi, lakini binti yangu ananiletea ndawa nyingi za mjini, chukua na wewe.’ Alikuwa anajivunia sana. Sasa ningekataaje? Nikakunja, nikaweka ndani ya sanduku.”

“Na wengine aliwapa?”

“Wote tuliomletea kitu. Yule wa juu kule miguu yake inawaka moto, akameza. Akaona giza, akakaa chini mpaka wakampa uji. Hakumeza tena.” Alikunja upya kikaratasi kimoja. “Mama yako alikuwa anabakiza kimoja chake kila siku, kile alichoandikiwa na daktali mwanzo. Alisema kile kinamtosha.”

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kimoja aliendelea kukimeza, na kadiri daktari alivyoongeza ndivyo alivyopata cha kuweka kwenye mabakuli ya watu. Sisi tuliona sukari iko juu tukaongeza dawa, naye akaona mwanawe ameongeza zawadi. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, hata pale.

“Tulijua unajua,” akasema. “Si wewe uliyekuwa unazileta nyingi hivyo?”

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa amepokea kwa mikono miwili kitu ambacho hakukihitaji, ili mama yangu asijione ombaomba, na amekitunza miaka miwili ndani ya sanduku pamoja na nguo zake za kanisani. Mimi niliyekuwa na haki ya kuingia mpaka chini ya kitanda sikuwahi kumuuliza mama swali moja nikangoja jibu. Usiku ule wa kwanza kwangu, alipoviangalia vidonge kiganjani, jibu lilikuwa hapo mdomoni. Angesema kwamba anavigawa ningempigia kelele mpaka mtaa wa pili. Alinijua. Akaona heri ameze.

Bibi aliinuka kuondoka. Nikavimimina vile vikaratasi kwenye upande wa kanga yangu, na bakuli lake likabaki mikononi mwangu, tupu. Alikuwa ameshafika kwenye migomba nilipomwita kwa nguvu kama mama alivyoniita mimi zamani. Niliingia ndani, nikatafuta, nikapata ndizi mbivu nne zilizobaki za msibani. Nikaziweka ndani. Alipozipokea ndipo alipolia.

Nilirudi kazini. Koti jeupe nalivaa, ni sheria. Siku hizi mzee akija na cheti cha kuongezewa dawa namuuliza ni nani mwingine nyumbani au jirani anayetumia dawa hii, na nauliza taratibu, na nangoja. Wengi huniambia hakuna. Mara moja bibi mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa kanga, akaanza kunitajia watu. Nilimpa kiti. Najua si kitu kikubwa. Hakimrudishi mama.

Kikombe cha jirani kilikaa kwangu miezi mitatu. Siku ile tuliporudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mama, nilikikuta kwenye kizingiti, chai imeganda utando juu. Nilikiosha, nikakiweka kabatini. Kila asubuhi jirani alinisalimu kutoka kwenye kibaraza chake, hakukitaja, nami nilipita haraka. Sikujua niweke nini ndani. Nilishika mayai, nikaacha. Nilishika maharage, nikaacha.

Jumapili moja baada ya ibada nilikijaza sukari mpaka ukingoni, nikavuka barabara nimekishika kwa mikono miwili. Alikuwa anaosha kikaango. Alitazama kikombe, akatazama kilichomo, akafuta mikono yake kwenye kanga polepole. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima na yote yalipotea. Nikasema, “Ile chai ingemponya.”

Hakunidanganya. Hakusema ni mapenzi ya Mungu, hakusema siku zake zilikuwa zimefika, kama walivyosema wote. Alisema, “Najua. Na mimi nilikuachia, kwa kuwa wewe ndiye dokta. Hilo nalala nalo.”

Akachukua kikombe, akaimimina sukari kwenye kopo lake. Mwishoni akaacha kiasi cha vijiko vitatu ndani ya kikombe, akamiminia chai ya maziwa kutoka kwenye birika, akakoroga, akanisogezea.

“Kunywa, mdogo wangu,” akasema.

Tangu aliponifahamu hakuwahi kuniita hivyo. Nilikishika. Kilikuwa cha moto, kitamu sana, na hakikuwa kikubwa. Mtu mgonjwa angekimaliza kwa mikupuo minne. Nilikunywa nikakimaliza.